Kisa cha Lindows: walishinda vita ya jina, wakampoteza mgeni

Mteja akiniletea laptop iliyogoma kuwaka, haombi awekewe mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta. Anasema, "Fundi, nipigie windows." Ndivyo tunavyosema mtaani, na hakuna aliyetufundisha. Nimewahi kuletewa kompyuta na mwanachuo aliyejua kabisa anachotaka, na bado akaniomba nimpigie "windows ya Ubuntu", ilhali Ubuntu ni mfumo mwingine kabisa, si Windows. Neno limeshika kama Colgate ilivyoshika: mtoto anatumwa dukani akalete Colgate, anarudi na Whitedent, na mama anaipokea bila swali. Kiwi nayo kwetu ni rangi ya viatu ya kampuni yoyote.

Katika mazungumzo yetu jambo hili halimdhuru mtu. Lakini kuna kampuni ndogo ya San Diego, California, ambayo swali hilohilo, neno windows ni la nani, lilitaka kuifunga, kisha likaiingizia mamilioni ya dola, na mwishowe likaiacha bila jina. Kampuni hiyo iliitwa Lindows. Nimekirudia kisa chake mara nyingi kwa sababu kazi yangu ya kila siku ndiyo ile waliyojaribu kuifanya wao: kumpa mtu mgeni wa kompyuta mfumo uliojengwa kwa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzigawa, autumie bila kunipigia simu kila jioni. Walichopatia na walichokosea bado nakutana nacho kwenye meza yangu ya ufundi.

Wazo lenyewe

Michael Robertson aliianzisha Lindows mwaka 2001. Alikuwa mtu anayejulikana tayari, kwa kuwa ndiye aliyeanzisha MP3.com, kampuni ya muziki wa mtandaoni iliyonunuliwa na Vivendi Universal mwaka huohuo. Hakuwa mwoga wa mahakama: MP3.com ilikuwa imeshaburutwa huko na makampuni makubwa ya muziki. Hoja yake mpya ilieleweka hata kwa muuza duka. Mashine zinazidi kushuka bei, programu za kuziendesha hazishuki nazo. Siku itafika ambapo Windows na Office zitamgharimu mnunuzi kuliko kompyuta yenyewe.

Linux, mfumo endeshi wa programu huria, ilikuwepo tangu 1991, bure na imara, ikiendesha seva za makampuni. Shida ilikuwa mlangoni. Mtu wa kawaida aliyetaka kuiweka kwenye kompyuta ya nyumbani alipokelewa na maswali ya kugawa diski, na baada ya hapo huenda akahitaji kuandika amri kwenye skrini nyeusi ili sauti itoke au modemu, kifaa cha kuingia intaneti kwa laini ya simu, ikubali kupiga. Robertson akachukua Debian, mkusanyiko wa Linux unaotunzwa na watu wa kujitolea tangu 1993, akaweka juu yake mandhari ya KDE, yaani sura ya skrini, yenye menyu chini kushoto kama watu walivyozoea, na akaongeza ahadi nzito: programu za Windows zitafanya kazi humo humo. Ahadi hiyo ilitegemea Wine, mradi ulioanza 1993, unaoziiga huduma za Windows ili programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows ijione iko nyumbani kwake.

Ahadi haikudumu. Wine ya wakati ule ilifungua programu hii vizuri na kuiangusha ile katikati ya kazi, na mtu anayetafuta urahisi hawezi kuambiwa "jaribu, huenda ikakubali". Ndani ya mwaka 2002 kampuni ikaanza kuizungumzia kwa sauti ya chini na kugeukia kitu kingine, nitakachokieleza mbele kwa sababu kilikuwa bora zaidi. Jina, hata hivyo, lilibaki. Linux na Windows, Lindows. Ahadi iliyoondolewa ndani ya bidhaa ikaendelea kuandikwa juu ya boksi.

Seattle

Desemba 2001, bidhaa yenyewe haijakamilika, Microsoft ikafungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini Seattle. Ilidai kwamba jina Lindows linawachanganya wanunuzi na kujipatia faida kutokana na alama yake ya biashara, na ikaomba zuio la muda ili jina lisitumike wakati kesi inasikilizwa. Kwa kampuni changa isiyo na kitu kingine sokoni zaidi ya jina lake, zuio lingekuwa hukumu ya kifo kabla ya hukumu.

Hapa sheria inahitaji kuelezwa taratibu, maana ndiyo roho ya kisa. Alama ya biashara inalinda jina ulilolipa bidhaa yako, hailindi neno ambalo watu wote wanalitumia kuitaja bidhaa ya aina hiyo. Seremala akiviita viti vyake Simba, anaweza kumzuia seremala wa pili asitumie Simba. Akiviita Viti, hana cha kumzuia mtu. Colgate na Kiwi katika Kiswahili chetu zilianza kama majina ya kampuni, zikateremka hadi kuwa maneno ya kila mtu. Lindows walidai kwamba neno windows lilisafiri njia ya kinyume: lilikuwa la kila mtu kwanza, ndipo kampuni moja ikalipandisha na kuliita lake.

Historia iliwapa silaha. Skrini yenye madirisha yanayofunguka na kufunikana ilikuwepo katika maabara ya Xerox kule Palo Alto tangu miaka ya 1970. Xerox iliuza kompyuta ya Star mwaka 1981, Apple ikatoa Macintosh mwaka 1984, na mwaka huohuo chuo kikuu cha MIT kikazaa mfumo unaoitwa X Window System, ambao Linux iliutegemea kwa miongo kadhaa. Windows 1.0 ya Microsoft ilitoka Novemba 1985, baada ya wote hao. Hata ofisi ya Marekani inayosajili alama za biashara ilimkatalia Microsoft neno hilo mwaka 1993 kabla ya kulikubali mwaka 1995.

Machi 2002 Jaji John Coughenour alikataa kutoa zuio. Hakusema kwamba Microsoft haina haki. Alisema yapo maswali mazito kuhusu kama neno hilo lilistahili kumilikiwa tangu mwanzo. Microsoft ikaomba afikirie upya, akakataa tena. Lakini pigo kubwa lilikuja Februari 2004, alipoamua kwamba juri, yaani raia wanaoteuliwa kuamua kesi, litaambiwa liangalie neno windows lilimaanisha nini kabla ya Novemba 1985, na kwamba neno lililokuwa la wote wakati ule halibadiliki kuwa mali ya mtu kwa sababu tu baadaye ametumia fedha nyingi kulitangaza. Microsoft ikajaribu kuupeleka uamuzi huo mahakama ya rufaa, nayo ikakataa kuusikiliza kwa wakati huo.

Tazama mizani ilivyogeuka. Yule aliyefungua kesi ili kumfuta jirani mdogo sasa ndiye aliyekuwa na kitu kikubwa cha kupoteza. Juri likisema neno ni la wote, alama ya Windows yenyewe inaweza kuanguka. Hakuna fundi, mwanasheria wala mhasibu anayeweza kuipigia hesabu hasara ya namna hiyo akalala usingizi.

Ulaya mambo yalikwenda vingine kabisa. Hoja ya maana ya neno katika Kiingereza cha Marekani kabla ya 1985 haikuwa na uzito uleule Amsterdam au Stockholm, ambako watu wana maneno yao ya kuitia dirisha, na windows kwao lilikuwa jina la bidhaa tangu lilipowafikia. Mahakama ya Sweden ilizuia jina hilo mwishoni mwa 2003, na ya Uholanzi ikafuata Januari 2004. Kampuni ikajaribu kuuza kwa jina la Lin---s, vistari vitatu mahali pa herufi zilizokatazwa, na kulitamka "Lindash". Namhurumia mfanyakazi wa dawati la wateja aliyetakiwa kulieleza jina hilo kwenye simu.

Aprili 2004 wakabadilisha jina duniani kote, wakawa Linspire. Julai 2004 pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Lindows ikaliachia jina, na Microsoft, iliyofungua kesi, ikalipa dola milioni 20.

Niliposoma kiasi hicho mara ya kwanza nilishangilia, na sioni haya kusema hivyo. Mdogo alisimama, hakuogopa, na mkubwa akalipa. Lakini kadiri miaka inavyokwenda ninakiona kisa hiki upande mwingine. Miaka miwili na nusu ya akili za kampuni ilimalizikia kwenye jina ambalo mwishowe hawakubaki nalo. Na jina hilo lilikuwa linawadhuru hata pale walipokuwa wanashinda.

Kwa nini jina lilikuwa kosa

Miaka ya mwanzo ya ufundi wangu nilikuwa nikimwekea mteja Linux na kumtuliza kwa maneno haya: "Usiwe na wasiwasi, ni kama Windows tu." Nilidhani namsaidia. Mteja mmoja, mama mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, alikaa mbele ya mashine yake mpya akaanza kuitafuta C, jina la diski kuu ndani ya Windows. Hakuitafuta kwa sababu alikuwa na shida nayo. Aliitafuta kwa sababu nilimwambia ni kama Windows, na Windows ina C. Alipoikosa aliona kitu kimeibiwa. Kisha akaitafuta Word yenye alama ya bluu, akaikuta LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, akaniuliza, "Fundi, mbona umeniwekea feki?"

Neno hilo liliniuma, na alikuwa na haki kulisema. Kitu kinachojitambulisha kwa kufanana na kingine hupimwa kwa kingine hicho, na kila tofauti inakuwa kasoro, hata iliyo bora. Kijana aliyekuwa akimsaidia dukani, aliyekuwa hajawahi kumiliki kompyuta, alikuwa anachapa barua kwenye LibreOffice siku ya pili bila kuuliza lolote. Aliyeteseka ni mzoefu. Hili nimelishuhudia mara nyingi mno kiasi kwamba siku hizi huwa nauliza kabla sijagusa mashine: umetumia kompyuta muda gani? Mgeni kamili simwonei wasiwasi. Mwenye miaka kumi ya Windows ndiye nitakayekaa naye saa nzima.

Lindows walijenga kampuni yote juu ya sentensi yangu ile. Jina lao lilisema "ni kama Windows" kabla mteja hajafungua boksi, kwa watu ambao mikono yao ilishazoea Windows. Hakukuwa na namna ya kupita mtihani huo, kwa sababu hakuna kinachoweza kuwa Windows kuliko Windows.

Walichopatia kabla ya wengine

Sasa nije kwenye kitu kile nilichokiahidi. Walikiita Click-N-Run, kwa kifupi CNR. Unafungua ghala la programu lililopangwa kwa mafungu, unasoma maelezo, unaona picha ya programu, unabofya mara moja. Inashuka, inajisakinisha, inajipanga yenyewe kwenye menyu. Chini yake ilikuwa ni ile mitambo ya Debian ya kusambaza programu pamoja na kila kinachohitajika ili zifanye kazi, ambayo watu wa Linux walikuwa wanaitumia kwa kuandika amri. Lindows waliipa uso.

Anayesoma leo, mwenye simu ya mkononi, ataona jambo la kawaida. Basi na akumbuke kwamba hii ni 2002. App Store ya Apple ilifunguliwa Julai 2008. Ghala la programu la Ubuntu lenye sura rafiki namna hiyo lilikuja na toleo la Oktoba 2009. Mtumiaji wa Windows wakati huo alikuwa akiizungukia intaneti kutafuta faili la kusakinisha, akibofya "endelea, endelea, endelea" bila kusoma, na kuamka asubuhi na kivinjari kilichojaa matangazo asiyoyajua. Kwa mgeni wa kompyuta, CNR ilikuwa wazo bora kuliko vyote vilivyokuwepo, na linastahili heshima ambayo haikupewa.

Wakaitoza ada ya mwaka. Watu wa programu huria walilalamika sana: mnauzaje kilichomo bure ndani ya Debian? Mimi siungani nao. Leseni za programu huria zinaruhusu kutoza, na kazi ya kuchambua, kupanga na kuelezea ni kazi. Mimi mwenyewe natoza kuweka mfumo ambao nimeupakua bure, na mteja hanidai maelezo kwa sababu anajua muda wangu ni riziki yangu. Tatizo la ada lilikuwa jingine: iliwekwa mlangoni, mgeni akiwa bado hajui kama anapenda nyumba. Na ililipwa kwa kadi. Huku kwetu mwaka 2003 mtu mwenye kadi ya kulipia mtandaoni ungemtafuta mji mzima. Walipoamua kuitoa bure huduma ya msingi ya CNR mwaka 2006, wageni walikuwa wameshaelekea kwingine.

Jambo la pili walilopatia ni kuuza mashine ikiwa na mfumo tayari. Mwaka 2002 tovuti ya Walmart ilianza kuuza kompyuta za Microtel zenye Lindows, na bei ikafika chini ya dola 200. Hapa walimwelewa mgeni kuliko sisi mafundi tunavyomwelewa. Mgeni hasakinishi mfumo. Hajui kama mfumo upo. Ananunua kompyuta, anaiwasha. Mashine zenyewe zilikuwa dhaifu, zikitumia chipu za VIA C3 zilizosifika kwa bei kuliko kasi, na mnunuzi aliyeongeza kifaa cha bei nafuu kilichotengenezwa kwa kuifikiria Windows tu, hasa modemu, alikwama. Lakini njia ilikuwa sahihi.

Funguo za nyumba nzima

Kosa la tatu, baada ya jina na ada, sina namna ya kulitetea. Lindows ilimwingiza mtumiaji kwenye mfumo akiwa ruti, yaani mwenye mamlaka yote, na hiyo ndiyo ilikuwa hali ya kawaida aliyoikuta baada ya kuwasha.

Kwa asiyeifahamu Linux: kuna akaunti za watu, na kuna ruti. Akaunti yako inaweza kuharibu mafaili yako, haiwezi kuugusa mfumo. Ruti anaweza kufuta kila kitu, na mfumo hautamuuliza mara mbili. Ukivinjari intaneti ukiwa ruti, kila programu unayoifungua inabeba mamlaka hayo: kivinjari, kicheza muziki, kiambatisho cha barua pepe kilichotoka kwa usiyemjua. Ni sawa na kumpa mgeni wa siku moja funguo za kila chumba pamoja na kabati la hati za nyumba, eti asipate taabu ya kugonga.

Hoja ya kampuni ilikuwa urahisi, na Windows XP nayo wakati huo ilimpa mwenye kompyuta ya nyumbani akaunti ya msimamizi. Hilo ndilo linalonisikitisha. Linux ilikuja na kinga iliyoizidi Windows ya wakati huo, na wao, katika kufanana na jirani, wakaiondoa kinga hiyo. Mwaka 2007 Microsoft wenyewe, kwa Windows Vista, walileta kidirisha cha kumuuliza mtumiaji ruhusa kabla ya kugusa mfumo. Yule waliyemuiga aligeuka akaja upande wa Linux.

Oktoba 2004

Tarehe 20 Oktoba 2004, miezi mitatu baada ya mapatano ya dola milioni 20, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kampuni yake Canonical walitoa toleo la kwanza la Ubuntu, 4.10. Msingi wake ulikuwa Debian, uleule wa Lindows. Walengwa ni walewale pia: watu wa kawaida. Kila kitu kingine kilikuwa tofauti.

Hakukuwa na ada. Mtumiaji hakuwa ruti, ila mfumo ulipohitaji kuguswa aliandika neno lake la siri, kazi ikafanyika, mamlaka yakaisha. Mandhari haikujaribu kufanana na Windows: menyu zilikuwa juu, na rangi ilikuwa ya udongo. Na CD zilitumwa kwa posta popote duniani bila malipo, hata posta yenyewe hulipi, huduma iliyoendelea hadi 2011. CD ya kwanza ya Linux niliyoishika ilikuwa mojawapo ya hizo. Ilifika kwenye sanduku la posta la chuo, ndani ya bahasha ya karatasi ya kahawia, na tulipokezana wanne kwa wiki mbili. Linspire sikuwahi kuiona kwa macho mpaka nilipoipakua kwa udadisi, ikiwa tayari ni historia.

Halafu kuna jina. Lindows walichukua nusu ya jina la mshindani, wakailipia kwa miaka ya kesi. Ubuntu walichukua neno la Kizulu na Kixhosa ambalo Mswahili halihitaji kamusi kulielewa, kwa sababu ni ndugu wa neno letu: utu. Halikuahidi kufanana na chochote. Nilipokuwa nikimwonyesha bibi yangu bahasha ile, alisoma herufi moja moja akasema, "Hii ni lugha ya watu." Mwishoni mwa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, kazi ambayo naitaja kwa sababu kati ya mambo yote yanayomrahisishia mgeni, lugha ndiyo inayosahaulika kwanza.

Yaliyobaki ya Linspire yanaelezeka kwa haraka. Robertson aliachia uongozi mwaka 2005, na Kevin Carmony akashika. Mwaka 2006 wakatoa Freespire, toleo la bure. Februari 2007 wakatangaza kwamba matoleo yao yajayo yatajengwa juu ya Ubuntu. Juni 2007 wakatia saini makubaliano ya hataza, yaani haki za uvumbuzi, na Microsoft, kampuni ileile iliyowapeleka mahakamani. Julai 2008 wakanunuliwa na Xandros, kampuni nyingine ya Linux, na jina likalala hadi kampuni nyingine ndogo ya Marekani ilipolifufua mwaka 2018.

Ubuntu haikuiangusha Windows, na sitaki msomaji adhani nasema hivyo. Ila ilizaa watoto wanaoishi. Mmojawapo ni Linux Mint, iliyoanza 2006, na ndiyo ninayowawekea wateja wangu wengi tangu Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na kuacha mashine chungu nzima zenye afya zikiambiwa hazifai.

Mwezi uliopita nilimwekea mzee mmoja mwenye duka la pembejeo. Laptop yake ina RAM ya GB 4, imechoka pembeni, kioo kina ufa. Safari hii sikusema ni kama Windows. Nilimwambia, "Mzee wangu, hii ni nyingine. Usiitafute ile ya zamani humu, tuanze upya." Akaitikia. Nikamwonyesha barua zake zilipo, nikamwonyesha kivinjari, kisha nikafungua ghala la programu na kumuuliza anataka nini. Akataka karata. Akaziona, akabofya mara moja, kidirisha kikatokea kinaomba neno la siri.

Akaacha kipanya. "Fundi, nimeharibu?"

"Hapana, mzee. Inataka kujua kama ni wewe."

Akaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, midomo ikimfuata. Karata zikashuka, zikajipanga kwenye menyu. Akacheza mkono mmoja, akashindwa, akacheza wa pili. Simu yake ikaita, mdogo wake aliyeko Kilosa, naye ana laptop iliyomgomea. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, jicho kwenye skrini, kisha akamwambia, "Ilete huku kwa fundi wangu. Atakupigia windows ya Mint."